Mkono wa Kugeuzia Reli

Siku mafundi walipokuja kung'oa reli, Siwema alikwenda kwenye kituo kile kilichokufa, apaone kwa mara ya mwisho mahali alipofia baba yake. Baba alikuwa dereva wa garimoshi. Lilipoacha njia na kuua watu thelathini, mji mzima ulisema alikuwa amelewa, na Siwema akakua akiitwa binti wa mlevi. Kituo kilifungwa mwaka uleule.

Alimkuta Mzee Luhende, aliyekuwa mgeuza njia wa kituo, amekaa kando ya mkono wa chuma uliokuwa ukihamisha magarimoshi kutoka reli hii kwenda ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakumtazama. "Mwanangu, baba yako hakuonja pombe siku ile. Mimi ndiye niliyesahau kuuvuta mkono huu. Niliposikia honi, nilikuwa nimekwisha kuchelewa."

Siwema alimkumbuka mama yake, aliyezikwa na watu wanne tu.

"Miaka yote hii ukanyamaza?"

"Niliogopa. Nisamehe, mwanangu."

Siwema hakumsamehe. Alimshika kwapani, akamwinua.

"Twende ukawaambie wale mafundi. Halafu twende sokoni, ukawaambie wote."

Mzee alitembea naye. Mafundi walipowaona wakija, mwanamke akilia na mzee akijikokota, waliacha kugonga, wakasimama katikati ya reli wakingoja kuambiwa.