Mlinzi Asiyepokea Chai

Pampu ya dawa ililia tena, ikasimama. Mama akakunja uso kwa maumivu. Kaka mkubwa akamtupia mdogo wake jicho la pembeni.

"Hiyo ndiyo chipu yako?"

Ndiyo hiyo. Dada huyo, mhandisi, aliibuni pamoja na wenzake, ramani yake wakaiacha wazi asomaye asome. Walipoimaliza alimtegea mama kitendawili: mlinzi wangu hasinzii wala hapokei chai. Mama alishindwa hadi akatoa mji. Jibu lilikuwa prosesa, yaani hiyo chipu. Kila kipande cha programu hupewa ufunguo wa chumba chake tu ndani ya kumbukumbu ya mashine; kikipenyeza mkono chumba cha jirani, prosesa huisimamisha kazi papo hapo.

Leo mlinzi alikuwa anakamata hata wenye nyumba. Pampu hiyo moja ilihudumia vitanda viwili: mama, wa matone machache ya kutuliza maumivu, na jirani yake, aliyelazwa usingizi mzito kwa dozi kubwa ya dawa hiyo hiyo, huku akipumua kwa mashine. Kila ikiwashwa, haichukui muda, kimya.

Mhandisi aliichokonoa chipu yake kila upande. Programu hakuigusa, ilitumika hospitalini miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kuilalamikia.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "sivumilii tena."

Hapo mhandisi akaikana chipu yake, kama mzazi anayemkana mtoto. Alimwambia nesi kosa ni la chipu, alete pampu ya zamani, isiyo na mlinzi huyo. Nesi akauliza kama ana hakika, maana programu ni ile ile.

"Lete tu, dada. Ile ya zamani haina maswali."

Na kweli haikuuliza. Ilifungwa, ikatia dawa bila kulia hata mara moja. Uso wa mama ukakunjuka. Nesi akawatoa ndugu wote wawili nje, mlango wa kioo ukajifunga nyuma yao, mlango usiofunguka bila kadi ya nesi, naye akaibeba ile mpya kuipeleka stoo, ghorofa ya chini.

Kaka alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mwone bi mkubwa. Leo hata hakoromi."

Mhandisi akatabasamu kwa aibu, akabandika paji la uso kwenye kioo ili asome pampu vizuri. Kwenye skrini, mstari wa jirani ulionyesha dozi ya jirani.

Mstari wa mama nao ulionyesha dozi ya jirani.