Nyegere Aliyekana Kibarua Chake

Mwaka wa njaa, wasio na kazi walilishwa na Kakakuona, mtunza ghala. Aliyeokota kibarua alikitaja, akapunguziwa chakula kidogo.

Nyegere, mroho asiyeshiba, alichimba shimo nyuma ya ghala, akalipwa kiganja cha mtama. Asubuhi akapanga foleni.

"Jana ulipata kibarua, ndugu yangu?"

"Sikupata, mzee."

"Lile shimo nyuma ya ghala amelichimba nani?"

"Mimi simjui."

Mara shimoni akatoka Nyegere mwingine, sura ileile, kucha zimejaa udongo. "Nilichimba mimi," akasema. "Nipunguzie."

Kakakuona akampimia. "Karibu tena kesho, Nyegere."

"Na mimi je?" Nyegere wa kwanza akapiga kelele.

Kakakuona hakugeuka. "Anayefuata!" akaita, na Digidigi, aliyekuwa nyuma kwenye foleni, akapita katikati ya kifua cha Nyegere huyo wa kwanza, kama anayepita kwenye moshi.