Ngiri Anaonja Tu

Sikieni ufidhuli wa Ngiri, mchimbaji wa mashimo ya kupangisha. Mama Kanga alikuwa ndiyo kwanza ameanza biashara ya vitumbua, na kila asubuhi Ngiri alifika kabla ya wateja.

"Naonja tu, jirani," alisema huku mashavu yamemjaa. "Sukari imepungua. Kesho nitaonja tena."

Mama Kanga alitwanga mchele mpaka mbawa zikafa ganzi, lakini wateja walikuta sinia tupu.

Jioni moja Ngiri alikuta shimo lake jipya limejaa kanga na vifaranga.

"Tokeni! Hili ni jasho langu!"

"Kumbe jasho unalijua!" akafoka Mama Kanga kutoka ndani. "Tunaonja tu, jirani. Mlango mwembamba. Kesho tutaonja tena."