Ubao wa Kushambulia

Baba aliugonga ubao wa raketi kwa kidole cha mkono wa kushoto, akausikiliza. Ulitoa mlio mkavu.

"Huo una kaboni ndani, mzee wangu," alisema Haitham, mwenye duka. "Mpira wa meza ukigusa tu, ushafika upande wa pili."

"Ndio nnaoutaka. Mechi za Idi zi karibu, wallahi watanikoma!"

Tangu apigwe na kiharusi mwezi wa Rajabu, mkono wake wa kulia haufanyi kitu. Daktari aliniita mimi pembeni, akaniambia hautarudi tena. Kila asubuhi naukanda kwa mafuta, na kila asubuhi nashindwa kumwambia.

Sasa aliuinua mkono huo kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya meza ya duka, akaanza kuvikunja vidole kimoja kimoja kwenye mpini. Vikafunguka. Akavikunja tena.

"Nshikie, mwanangu."

Nikavifumbata vidole vyake kwa vyangu.

"Umeona?" alimwambia Haitham, akicheka. "Unanikaa sawasawa."

Haitham hakucheka. Alinitazama mimi.

"Niufunge, dada?"

Nikaitikia kwa kichwa. Sikuweza kuviachia vile vidole.