Namba Mpya kwa Wote

Huduma ya namba ya mtandaoni aliyoitumia mshonaji ilikuwa inafungwa, kwa hiyo fundi simu wa duka la jirani alikuja kumsaidia kuchagua nyingine.

"Hii ni ya bure, ila inakatakata kama mtu mwenye kwikwi," alisema. "Hii ya pili inasikika vizuri, halafu yenyewe inawatumia wote waliomo kwenye simu yako jina lako na namba mpya. Wewe ushone tu."

Mshonaji alikuwa amebana pini kwa midomo. Akaitikia kwa kichwa, na fundi akabonyeza.

Ujumbe ukaanza kuingia mfululizo. Wateja walikuwa wanashukuru, wengine wanaulizia magauni yao.

Mara mkono wa mshonaji ukaganda juu ya kitambaa. Wote?

Namba ya mume wake ilikuwa bado imo. Siku mshonaji alipomkimbia hakuifuta. Aliibadilisha jina tu, akaandika "Usipokee", ili ikiita asije akajisahau. Haikuwahi kuita, maana mwanamume yule hakuwa na namba yake.

Pini moja ilimchoma ulimi. Akaonja damu, akashindwa hata kuzitema.

"Dada, wateja wako nao wana majina!" fundi alicheka, vidole vikikimbia kwenye kioo cha simu. "Eti Usipokee! Ameuliza duka lako liko wapi. Usijali, nimeshamwelekeza. Kumbe wala hayuko mbali."