Wimbo wa Babu Kombo

Siku hizi nafasi za mizimu katika tamthilia za runinga hawapewi walio hai. Hupewa marehemu, ambao mitambo huwarudishia sura na sauti, mradi mjane aridhie.

Bi Zamda aliridhia, tena kwa fahari. Alitaka mjukuu wake Nasra, aliyezaliwa baada ya msiba, amwone babu yake Kombo. Watayarishaji walipomwomba na ule wimbo ambao marehemu alikuwa akimbembelezea binti yake, uwe muziki wa kumtangulia kila anapotokea, akawaimbia mwanzo hadi mwisho.

Sasa nchi nzima inaujua. Ukianza tu, watu wazima hujifunika kanga usoni, kisha Kombo huchomoza ukutani, mikono myeupe kama unga.

Jioni moja Bi Zamda alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, wimbo ukamponyoka kama zamani. Alipogeuka, alimwona Nasra mlangoni, ameganda.

"Njoo, mwanangu. Ni mimi."

Mtoto hakusogea.

"Bibi," aliuliza taratibu, "kwani wewe umekufa lini?"

Bi Zamda akaitazama mikono yake, myeupe pepe kwa nazi, akaanza kuipangusa kwenye kanga.