Maboga ya Jaani

Kanga alikuwa na vifaranga wengi na chakula kidogo, kwa hiyo alipanda maboga katika kiwanja kitupu ambacho hakuna mnyama aliyekitaka. Maboga yalipoanza kutambaa, Tembo tajiri akatangaza kwamba atafadhili bustani ya wote katika kiwanja hicho hicho. Siku hiyo hiyo Nyani akajifanya mwenyekiti.

"Mama Kanga, ng'oa vitu vyako. Bustani inakuja."

"Kwani hii si bustani, mwenyekiti?"

"Haya ni maboga tu. Bustani ina geti."

Mimea ilipong'olewa, Punda akatumwa kuitupa jaani. Aliwaona vifaranga wanalia, basi akailaza taratibu na kuifukia mizizi. "Nisamehe, dada," alisema. "Nimetumwa."

Fedha za Tembo zikajenga geti, ukuta, na kibao chenye picha kubwa ya Nyani. Za mbegu hazikubaki.

Tembo alipokuja kukagua, alifunguliwa geti akaona vumbi. Nyani, jasho likimtoka, akamzungusha haraka hadi jaani, ambako maboga yalikuwa yametambaa tena na kuzaa.

"Na hii, mheshimiwa, ndiyo kazi yetu yenyewe!"

Tembo akapiga makofi kwa masikio yake. "Safi sana! Naongeza ufadhili. Hapa napo pajengwe geti."

Kanga akaanza kuchuma maboga yote, hata machanga, na Punda akapiga magoti ili apakiwe.